Jiko la peleti likiandika AL 5, AL 6 kisha AL 8: kagua njia ya moshi kabla ya kununua bodi

Swali: Jiko langu la peleti (vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa) liko kwenye msimu wake wa nne. Baridi ilipoanza lilikuwa likiandika AL 5 asubuhi. Nikilizima na kuliwasha upya, linawaka. Baadaye likaanza kuzimika lenyewe usiku na kuandika AL 6, ilhali tangi lina peleti tele. Wiki hii limeanza kuandika AL 8, hasa siku zenye upepo. Kiwashio kimeshabadilishwa na hakikusaidia. Sasa fundi anasema bodi imekufa. Nifanye nini kabla sijatoa pesa?

Jibu: Usinunue bodi, yaani saketi ya umeme inayoliongoza jiko, bado. Bodi iliyoharibika haichagui asubuhi ya baridi, wala haingoji upepo uvume ndipo igome. Dalili zako tatu, kwa mfuatano huo, zinaelekea mahali pamoja: moshi hautoki nje kwa urahisi unaotakiwa, au hewa inaingia kwenye jiko kupitia mahali pasipostahili. Kazi ya kuthibitisha hilo ni ya brashi, tochi na kifyonza vumbi, na nyingi unaweza kuifanya mwenyewe jiko likiwa limepoa.

Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Unataja kipimo ambacho bodi ilikingoja ikakikosa. Bodi ya jiko la kawaida haioni moto wala haioni peleti. Inachokipata ni joto la moshi kutoka kwa kihisi kilichochomekwa kwenye njia ya moshi, ishara ya mzunguko wa feni ya moshi, hali ya swichi ya presha (inayohisi mvuto wa hewa), hali ya themostati ya usalama, na kuwepo kwa umeme wenyewe. Basi. AL 5 maana yake ni kwamba muda wa kuwasha ulikwisha kabla moshi haujafikia joto lililowekwa, ambalo mara nyingi ni karibu nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. AL 6 ni kwamba moshi ulikuwa moto, kisha ukapoa chini ya kiwango. Skrini ya jiko huandika "peleti zimekwisha" kwa sababu mtengenezaji amekisia chanzo kinachotokea zaidi. Ndiyo maana tangi lako limejaa na ujumbe bado unakuja.

Misimbo ya AL ya mpangilio huu hupatikana kwenye bodi za Micronova za Italia, zinazofungwa ndani ya majiko ya chapa nyingi. Kwa kawaida husomeka hivi:

- AL 1: umeme ulikatika
- AL 2: kihisi cha joto la moshi kimekatika au kimechomoka
- AL 3: moshi umezidi joto
- AL 4: feni ya moshi ina hitilafu
- AL 5: kuwasha kumeshindikana
- AL 6: moto umezimika
- AL 7: themostati ya usalama imekata
- AL 8: mvuto wa hewa hautoshi

Linganisha na kitabu cha jiko lako, kwa kuwa kila chapa ina marekebisho yake. Kuna familia nyingine ya bodi inayoandika Er badala ya AL, na namba zake ni tofauti kabisa: kule kuwasha kulikoshindikana ni Er12, moto uliozimika kwa moshi kupoa ni Er03, na Er01 na Er02 ni saketi mbili za usalama. Ushauri uliotolewa kwa namba peke yake, bila kujua bodi, usiufuate.

Kwanza, tabia ya kuwasha upya iache leo

Hili linatutia wasiwasi kuliko misimbo yenyewe. AL 5 inapotokea, parafujo ya kulishia (skrubu ndefu inayotoa peleti kwenye tangi) inakuwa imeshamwaga peleti za kutosha kuwasha moto. Ukibonyeza kitufe upya bila kufungua mlango, inamwaga kiasi kingine juu ya kile cha kwanza. Kiwashio kinachemsha rundo hilo, rundo linatoa moshi mzito wa manjano au mweupe ambao wenyewe ni gesi inayoungua, na chumba cha moto kinajaa. Mwali wa kwanza ukitokea, gesi hiyo yote inashika kwa mpigo mmoja. Kioo cha mlango kimewahi kupasuka kwa namna hiyo kwenye majiko mengi.

Kwa hiyo kila baada ya AL 5: subiri jiko limalize mzunguko wake wa kupoa, fungua mlango, mwaga kikombe cha kuchomea (chombo chenye matundu ambamo peleti huungulia) chote, kisha ndipo uwashe. Peleti ulizozitoa usizirudishe kwenye tangi. Moja tu yenye kaa ndani yake inatosha kuchoma akiba yote. Ziweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba. Usiongeze mafuta ya aina yoyote ili "kusaidia" moto. Na kama hakuna kengele ya kaboni monoksidi kwenye chumba chenye jiko, hicho ndicho kifaa cha kununua kabla ya kingine chochote, kwa sababu AL 8 inasema waziwazi kwamba moshi hauvutwi ipasavyo.

Kuhusu sababu ya mara ya pili kufaulu: bomba limeshapata joto kidogo, peleti zimeshakauka na kuanza kuchemka, na zipo mara mbili ya kiasi. Jiko halijapona, limesukumwa tu kwa nguvu.

Soma kikombe kabla hujakisafisha

Mara nyingine msimbo utakapotokea, usikimbilie kufagia. Acha jiko lipoe, chomoa plagi, fungua mlango na utazame kikombe kwa tochi. Hali ya kikombe inasema mambo ambayo bodi haiwezi kuyasema.

Kikombe kitupu na kisafi baada ya AL 5 au AL 6: peleti hazikufika. Tatizo liko kwenye tangi, parafujo au mota yake, au kuna swichi ya usalama iliyokata umeme wa mota hiyo.

Kikombe kimejaa peleti zenye rangi yake ileile ya mbao, hata hazijaguswa na moto: kiwashio hakikupata joto, au joto lake halikufika. Angalia kama kikombe kimekaa sawasawa kwenye kiti chake. Kikiinuliwa na majivu kwa milimita chache, tundu la kuwashia halitazamani tena na kiwashio, na hata kiwashio kipya hakitasaidia.

Kikombe kimejaa peleti nyeusi nje, zilizoungua nusu, zenye lami inayong'aa kwenye kingo na kioo cheusi mbele: joto lilikuwepo, hewa haikutosha. Kama ndicho unachokiona asubuhi, umeshapata nusu ya jibu.

Kikombe kina bonge gumu la kijivu, kama jiwe lenye vitundu, limeshika chini: majivu yameyeyuka na kuziba matundu ya hewa. Hilo hutokana na peleti zenye mchanga au magome mengi, au na kulisha kupita kiasi.

Na kuna hali ya tano ambayo watu huisahau: moto unawaka vizuri kabisa, mwali ni wa manjano na mchangamfu, na bado AL 5 inatokea. Hapo moto hauna kosa. Kihisi cha moshi kinasoma chini ya uhalisia, na tutakirudia mbele.

Kwa nini AL 8 ndiyo inayoonyesha mahali

Fuata mpira mwembamba wa silikoni unaotoka kwenye swichi ya presha na uone unaishia wapi. Kwenye majiko mengi unaingia kwenye chumba cha moto au kwenye njia ya moshi kabla ya feni. Kama lako liko hivyo, fikiria maana yake. Feni ya moshi iko mwishoni, inavuta. Matundu ya kikombe yakiziba, feni inavuta dhidi ya mlango uliofungwa, na mvuto ndani ya chumba cha moto unaongezeka. Swichi inabaki imefunga na AL 8 haitokei. Utapata AL 5 na AL 6 tu. Lakini kizuizi kikiwa upande wa pili, yaani kwenye feni yenyewe au bomba la moshi, mvuto unapungua. Hewa ikiingia kwa mlango unaovuja, mvuto unapungua vilevile.

Kwa hiyo AL 8 inakutoa kwenye kikombe na kukupeleka kati ya chumba cha moto na ncha ya bomba nje, au kwenye mlango na vifuniko. Upepo unaopiga ncha ya bomba huongeza upinzani kidogo tu. Jiko safi lina akiba ya kuumudu. Lako limekwishaitumia akiba hiyo, ndiyo maana siku tulivu linapita na siku ya upepo linagoma. Mpira wako ukiwa umeunganishwa na bomba la kuingizia hewa, hesabu inabadilika: hapo hata kuziba kwa kikombe kunaweza kuleta AL 8, kwa hiyo anza na kikombe.

Kazi yenyewe, kwa utaratibu huu

Jiko liwe limezimwa usiku kucha na plagi imechomolewa. Majivu huficha makaa kwa muda mrefu, kwa hiyo tumia kifyonza kilichotengenezwa kwa ajili ya majivu, si cha zulia.

Toa kikombe. Pitisha msumari au kipande cha waya kwenye kila tundu, moja moja, kisha kishike kwenye mwanga uone yote yamefunguka. Safisha kiti chake na bomba dogo la kiwashio.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo wenye majiko wengi hawajawahi kuifungua. Nyuma au pembeni ya chumba cha moto kuna njia ambazo moshi hushuka kupitia kabla ya kufika kwa feni, na chini yake kuna visanduku vya kukusanya majivu vilivyofunikwa kwa vibamba vyenye skrubu mbili au nne. Usafi wa kila wiki haugusi hapo. Majivu mepesi hujaa humo polepole, yanapanda, na msimu wa tatu au wa nne yanabakiza mwanya wa vidole viwili. Ondoa vibamba, fyonza, ingiza brashi ndefu inayopinda, fyonza tena. Ukuta wa nyuma ukiwa wa chuma, ugonge kwa nyundo ya mpira ili masizi yaanguke. Ukiwa wa vigae vyeupe au vya rangi ya mchanga vinavyovunjika kirahisi, usiuguse kwa nyundo, uutoe taratibu. Gasketi za vibamba zikiwa zimechanika, weka mpya.

Baada ya hapo, feni ya moshi. Hushikwa na skrubu au nati chache kwenye nyumba yake. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa. Ukiitoa, utaona mapezi ya feni: yakiwa na ganda la masizi kwenye upande wa ndani wa mkunjo, feni inazunguka kwa kasi ileile lakini haisukumi hewa ileile, na bodi, inayohesabu mizunguko tu, haina namna ya kulijua hilo. Hii ndiyo sababu AL 4 haikutokea kwako. Safisha kila pezi kwa brashi bila kulipinda, kwa kuwa pezi moja lililopinda huleta mtetemo na kuua beringi. Zungusha kwa mkono: inapaswa kuteleza kimya na kusimama polepole. Ikikwaruza, beringi zimechoka. Usizitie mafuta ya kupikia wala grisi ya kawaida, badilisha feni. Rudisha kwa gasketi mpya.

Kisha bomba. Fungua kifuniko cha chini cha kiungo cha T nyuma ya jiko. Majivu ya kujaa konzi kadhaa humo si ajabu. Pitisha brashi ya kipenyo cha bomba kutoka T hadi juu, na kila kipande cha mlalo, maana ndicho kinachojaa kwanza. Nje, angalia kofia ya bomba: wavu wa kuzuia ndege hushika masizi hadi ukawa kama kitambaa, na viota hupatikana kwenye majiko yaliyolala miezi ya joto. Wapo wanaotumia mashine ya kupulizia majani, upande wa kunyonya, kwenye ncha ya bomba nje. Inafanya kazi nzuri, ila chomoa kwanza mpira wa swichi ya presha, kwani mvuto huo una uwezo wa kupasua utando wake.

Usisahau bomba la kuingiza hewa safi. Wadudu hujenga humo, na wavu wake wa nje huziba kwa vumbi.

Mlango: chukua ukanda wa karatasi, ufungie mlangoni, uvute. Ukitoka bila ukinzani, kamba ya mlango imekufa mahali hapo. Rudia kila upana wa kiganja kuzunguka mlango wote, hasa upande wa bawaba na pembe za chini. Kamba mpya iwe ya kipenyo kilichoandikwa kwenye kitabu. Nene mno itauzuia mlango usifunge na uvujaji utakuwa mkubwa kuliko mwanzo. Fanya jaribio lilelile kwa droo ya majivu na kifuniko cha tangi kama vina gasketi.

Mwisho wa mzunguko huu ni mpira wa presha. Chomoa upande wa jiko na uchokoe kitundu chake cha chuma kwa waya mwembamba. Mara nyingi hapo ndipo masizi yamefanya kizibo kidogo kama punje ya mchele, na kizibo hicho peke yake huleta AL 8 kwenye jiko ambalo halina kosa lingine. Kagua mpira kama umepasuka karibu na kichwa, umekunjika, au una matone ya maji. Ukiwa umeuchomoa, unaweza kujaribu swichi: vuta hewa kwa mdomo polepole sana kupitia mpira, utasikia mlio mdogo wa "tik", na ukiachia mwingine. Usipulize kwa nguvu. Isipotoa mlio kabisa, swichi ndiyo mbovu. Kamwe usiiunganishe nyaya zake moja kwa moja ili jiko liendelee kuwaka. Swichi hiyo ndiyo inayokata ulishaji pale moshi unapoanza kurudi ndani.

Kama bado inazimika: kihisi, peleti, parafujo

Kihisi cha moshi ni kijiti cha chuma chembamba kinachoingia kwenye njia ya moshi karibu na feni. Kikifunikwa na masizi kinachelewa kuona joto, kwa hiyo kifute kwa kitambaa na ukirudishe kwa kina kilekile. Vihisi vingi ni vya aina K au J, vinavyozalisha milivolti vyenyewe. Weka multimita kwenye milivolti za mkondo wa moja kwa moja, tumbukiza ncha kwenye maji yanayochemka katika chumba chenye nyuzi 20: aina K itoe karibu milivolti 3.3, aina J karibu 4.2. Sifuri isiyobadilika ni kihisi kilichokatika. Thamani ikiwa hasi, umeshika nyaya kinyume. Na kikifungwa kinyume kwenye bodi, kadiri moto unavyokolea ndivyo bodi inavyoona baridi, na AL 5 haitakwisha. Kwenye nyaya za rangi za kimataifa, K ina kijani chanya na nyeupe hasi. Kuangalia upande wa bodi, ondoa kihisi, unganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya: bodi isiyo na kosa itaonyesha takribani joto la chumba. Jaribio hili ni la vihisi vya milivolti tu; kuna majiko yanayotumia vihisi vya ukinzani.

Peleti: daraja la A1 katika kiwango cha ISO 17225-2 lina unyevu usiozidi asilimia 10, majivu yasiyozidi asilimia 0.7, na urefu usiozidi milimita 40. Peleti zilizovuta unyevu hupoteza mng'ao, hupasuka kwa mlalo na kusagika vidoleni. Vumbi lake huteremka chini ya tangi na kugandamana kwenye mdomo wa parafujo, peleti zinafanya daraja juu yake, na jiko linakufa kwa njaa tangi likiwa limejaa. Hiyo ndiyo AL 6 yenye kikombe kitupu. Acha tangi liishe kabisa mara moja kwa mwezi, fyonza vumbi lote. Ukitaka kujua parafujo inalisha sawa, pima peleti kwa mizani, endesha jiko saa moja kwa nguvu ya juu, pima zilizopungua. Jiko la kilowati 8 lenye ufanisi wa asilimia 90 linahitaji karibu kilo 1.85 kwa saa. Likila nusu ya hapo, mota imechoka au kuna kitu kimekwama. Likila zaidi sana, mipangilio ya ulishaji imeguswa, na utaona pia mabonge kwenye kikombe.

Kiwashio umeshabadilisha, kwa hiyo tunakipitia haraka: cha wati 300 kwa volti 230 kina takribani ohm 176, cha wati hizo kwa volti 120 kina ohm 48. Kati ya waya wowote na ganda lake kusiwe na mapitio kabisa. Kikianza kuvujisha, swichi ya kinga ya mvujo wa umeme huanguka dakika chache baada ya kuwasha, kabla ya msimbo wowote.

Misimbo mingine kwa ufupi. AL 4 huku feni inazunguka ni kihisi cha mzunguko au waya wake. Feni isiyozunguka ni masizi, beringi au kapasita. AL 3 na AL 7 mara nyingi hutokana na feni ya chumba iliyojaa vumbi, joto halitoki. Themostati ya AL 7 hurudishwa kwa mkono: subiri jiko lipoe, fungua kofia ndogo nyeusi nyuma, bonyeza mpaka isikike. Ikikata tena siku ileile, tafuta sababu. AL 1 ya kila mara bila nyumba kukosa umeme ni plagi au kishikio cha fyuzi kilicholegea.

Bodi huhukumiwa lini

Zipo dalili za kweli. Skrini haiwaki ilhali fyuzi ni nzima na umeme unafika. Parafujo inazunguka bila kukoma, hata jiko likiwa limezimwa, maana kiungo kinachoiwasha kimefunga moja kwa moja. Au kwenye menyu ya majaribio unaamuru feni iwake, na kwenye nyaya zake hakuna volti. Kipimo hicho cha mwisho kifanywe na fundi, na kifanywe kifaa kikiwa kimeunganishwa: ukipima nyaya zilizochomolewa, multimita huonyesha volti za uongo zinazovuja, na bodi mbovu itaonekana nzima. Muulize fundi wako ni kipi kati ya hivi alichokipima. Kama hakupima, hajaikagua bodi.

Ukimaliza usafi wote, washa jiko na ulitazame mpaka moto utulie. Kisha washa feni ya kuvuta hewa ya jikoni, madirisha yakiwa yamefungwa. AL 8 ikirudi hapo na kutoweka ukifungua dirisha, nyumba ndiyo inayovutana na jiko, na dawa ni bomba la hewa safi kutoka nje hadi kwenye jiko.

Ikibaki kutokea siku za upepo peke yake, tatizo ni mpangilio wa bomba. Kanuni inayotumika Marekani ni rahisi kuihesabu: kiungo cha T ni 5, kona ya nyuzi 90 ni 5, kona ya nyuzi 45 ni 3, kila futi ya mlalo ni 1, kila futi ya wima ni nusu. Jumla ikizidi 15, bomba la inchi 3 halitoshi, weka la inchi 4. T moja, kona moja ya 90, futi 4 za mlalo na futi 6 za wima zinafika 17. Bomba linalotoka ukutani na kuishia hapohapo, likitazama upande upepo unakotoka, linahitaji kipande cha wima nje na kofia ya kukinga upepo, hata kama jumla yake ni ndogo.